Pedi haisikii: kisa cha PlayStation 2 kwenye TV ya inchi 43

"Fundi, hiki kitu si kibovu," alisema hata kabla hajavuta kiti. "Kinawaka, kinasoma CD, picha ipo. Ila pedi haisikii."

Alikuwa amebeba begi la shule la mwanawe. Akaanza kutoa vitu na kuvipanga mezani kimoja kimoja kama shahidi mahakamani: PlayStation 2 ile nyembamba, pedi mbili za kuchezea, memori kadi, CD kumi na kitu zimebanwa kwa mpira, na kijisanduku cheusi cha plastiki kisichozidi kiganja. Kijana mwenyewe, wa kidato cha pili, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Na wewe pedi haikusikii?"

Akacheka. "Hainisikii, ila mimi nimeshaizoea. Nabonyeza mapema."

Jibu la kisa chote lilikuwa ndani ya maneno hayo ya mtoto, na mimi niliyapita kama nilivyompita yeye pale mlangoni. Nimeamua kuandika jinsi tulivyofika, pamoja na sehemu nilizopotea, kwa sababu tatizo hili linanijia mara kwa mara kwa sura tofauti, na ushauri unaotolewa madukani ni uleule: nunua konveta. Konveta alikuwa nayo. Ilikuwa ndicho kile kijisanduku cheusi.

Baba mtu alikuwa na kibanda cha gemu Tandika miaka ile PS2 ilipokuwa mfalme wa mitaa. TV nne za chogo, benchi mbili, mshindi anabaki na aliyefungwa anatoa pedi. Kibanda kilipokufa, mashine tatu aliziuza, moja akaiweka juu ya kabati. Chogo lake la mwisho nalo likafa, nyumbani ikaingia flat ya inchi 43, na siku za karibuni kijana akaishusha mashine kabatini. Hapo ndipo mzee wa kibanda, mtu aliyekuwa akifunga watoto wa watu kwa pedi moja mbovu, akaanza kufungwa sebuleni kwake. Kwanza alidhani ni umri. Kisha akagundua kwamba anapobonyeza kupiga shuti, mchezaji anapiga shuti baada ya beki kufika.

Mtu akisema pedi haisikii, fundi yeyote anawaza kitu kimoja. Chini ya vitufe vya pedi kuna vipande vya mpira vyenye kaboni vinavyogusa njia zilizochapwa kwenye karatasi ya plastiki. Jasho na vumbi vikikaa pale, kitufe kinahitaji kukandamizwa sana. Nikafungua pedi zote mbili, nikasafisha kwa spiriti, nikafunga. Kazi safi, na haikuwa na faida yoyote. Niliichomeka mashine kwenye chogo langu la inchi 21 lililo juu ya meza ya kazi, kwa waya wake wa njano, nyeupe na nyekundu, nikampa baba pedi. Akapiga pasi mbili, shuti, goli. Akaniangalia.

"Hapa inasikia."

Inasikia, na ingesikia hata kama nisingezifungua. Nilipaswa kuanza na chogo, kisha bisibisi. Nimejiandikia hilo ukutani.

Sasa kijisanduku. Kwanza, ilikuwa ni konveta ya pili. Ya kwanza aliinunua kinyume. Zipo aina mbili zinazofanana kama mapacha, rangi ileile, umbo lilelile, na tofauti pekee ni maandishi madogo juu yake: AV2HDMI inachukua waya tatu za zamani na kutoa HDMI (waya mmoja wa picha na sauti wa TV za kisasa), HDMI2AV inafanya kinyume chake. Namba 2 hapo katikati ni mshale, hivyo soma kushoto kwenda kulia. Muuzaji alimwambia zote ni sawa. Si sawa, na huwezi kuigeuza moja iwe nyingine.

Ya pili ilikuwa ya upande sahihi. Ubavuni ina kiswichi cha kuchagua 720p au 1080p, yaani idadi ya mistari ya picha inayotoka, na kijana alikuwa ameiweka 1080p akiamini ndiyo picha bora. Kiswichi hicho hakiongezi chochote kwenye picha. Kinachobadilika ni ukubwa wa karatasi ambayo picha ileile ndogo itabandikwa.

Tukaenda nyumbani kwao, si mbali, nikiwa na chogo begani. Nilitaka kuona TV zote mbili kwa wakati mmoja zikipokea kitu kilekile. Waya wa njano niliugawa mara mbili kwa kiunganishi cha umbo la Y: tawi moja kwenye chogo, jingine kwenye konveta na kisha kwenye flat. Picha zote mbili zilififia kidogo, na hilo lilitarajiwa, kwa sababu waya huo umeundwa kubeba mzigo mmoja wa omu 75 na sasa ulikuwa unabeba miwili. Kwa kupima muda haidhuru. Katika lile rundo la CD kulikuwa na Gran Turismo 4, ambayo saa yake ya mzunguko inahesabu hadi sehemu za elfu za sekunde. Nikaliweka gari barabarani, nikasimama nyuma kidogo, nikapiga picha kwa simu zikionekana TV zote mbili. Nikapiga picha nyingi, si moja.

Kila picha ilisema jambo lilelile. Saa ya chogo ilikuwa mbele, na saa ya flat nyuma kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa mtu anayetazama taarifa ya habari, hiyo si kitu. Lakini gemu inayochora picha 60 kwa sekunde, sehemu moja ya kumi ni picha sita. Kipa ameshadaka, wewe bado unamwona amesimama. Mtoto alikuwa amejifunza kucheza na wakati uliopita, na baba, ambaye vidole vyake vilifundishwa na chogo, alikuwa anacheza na wakati wa sasa ambao haonyeshwi.

Kwa hiyo mashtaka yakahama kutoka kwa pedi. Lakini yalihamia kwa nani? Kati ya mashine na macho kulikuwa na watu wawili: konveta na TV yenyewe.

TV ilikuwa rahisi kuihoji. Flat za kisasa hazikuonyeshi picha ilivyofika. Zinaikwatua kwanza: zinanoa kingo, zinaondoa chenga, nyingine zinabuni picha za katikati ili mwendo uonekane laini, na yote hayo yanahitaji kuzishikilia picha kadhaa kwenye kumbukumbu kabla ya kuziachia. Kwenye menyu kuna hali ya mchezo inayozima karibu mapambo hayo yote. Ilikuwa imezimwa. Nikaiwasha, nikapiga picha tena, na pengo likapungua sana palepale. Kama kuna jambo moja tu mtu atalifanya baada ya kusoma habari hii, alifanye hilo, halina gharama. Papo hapo nikarudisha umbo la picha kuwa 4:3, maana mpira ulikuwa yai na wachezaji wote walikuwa wamenenepa. Baba akasikitika kidogo kwa zile kanda mbili nyeusi pembeni ("nimelipia inchi 43, fundi"), kijana akamwambia aache.

Pengo lilipungua, halikuisha. Kilichobaki kilikuwa cha konveta.

Hapa inabidi nieleze kidogo jinsi chogo linavyochora, kwa sababu bila hilo sehemu ya pili ya kisa haieleweki.

Chogo halichori picha nzima kwa mkupuo. Mwale wa elektroni unapita kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, ukishuka. Mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia huku una mistari 625 kwa picha kamili, mara 25 kwa sekunde. NTSC ya Marekani na Japani ina mistari 525, karibu mara 30. Lakini mistari hiyo haichorwi yote pamoja. Kwanza inapita ya witiri, kisha mwale unarudi juu na kupita ya shufwa, nusu mbili zikiingiliana kama meno ya vichana viwili. Siri ya kuingiliana ipo kwenye kipande kidogo sana: 525 ukigawa kwa mbili unapata 262.5, na ile nusu ya mstari ndiyo inayousogeza mzunguko wa pili ukae katikati ya mistari ya ule wa kwanza. Picha ya namna hii ndiyo inayoitwa 480i, na kwa PAL 576i, kwa kuhesabu mistari inayoonekana tu.

Flat haina mwale. Inawasha pikseli zote, vile vidoti vya skrini, kwa hiyo nusu picha haina kazi nayo. Lazima mtu azisuke nusu mbili ziwe moja, kama miyaa ya mkeka. Na huwezi kusuka kabla nusu ya pili haijafika, kwa hiyo unasubiri. Nusu moja ya NTSC ni milisekunde 16.7, ya PAL ni 20. Msukaji mzuri anasubiri kidogo na anajua sehemu gani ya picha imetulia na ipi inakimbia. Ile konveta ilikuwa msukaji mvivu: mchezaji akikimbia, ukingo wake ulikuwa na meno.

Na juu ya hayo kulikuwa na waya wenyewe. Ule wa njano unabeba mwanga na rangi vimechanganywa kwenye uzi mmoja, rangi imepandishwa juu ya wimbi la takriban megahezi 4.43 kwa PAL. Anayepokea ndiye anayepaswa kuvitenganisha tena, na kinachobaki hakijatenganishwa unakiona kama vidoti vinavyotambaa kwenye kingo za rangi nyekundu. Chogo dogo lilificha aibu hiyo. Inchi 43 haifichi.

Nikamweleza baba kwamba PS2 yake imezaliwa kabla ya HDMI. Mashine ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, HDMI ikatangazwa Desemba 2002. Lakini ndani ya tundu lake la nyuma, lilelile linalotoa njano, kuna picha nyingine safi zaidi ambayo vibandani hatukuwahi kuihitaji: komponenti, mwanga ukiwa uzi wake na tofauti za rangi nyuzi zake mbili. Ipo adapta ndogo inayochomekwa moja kwa moja pale nyuma, inachukua hiyo komponenti na kuitoa kwa HDMI bila kuigusa sana. Nilikuwa nayo moja dukani.

Kabla hujaichomeka kuna hatua ambayo watu wanairuka, kisha wanasema adapta ni mbovu. Washa PS2 bila CD, ingia kwenye mipangilio ya mfumo, tafuta mstari wa Component Video Out, uhamishe kutoka RGB (nyekundu, kijani na bluu, kila rangi uzi wake) kwenda Y Cb/Pb Cr/Pr, ambayo ndiyo komponenti. Fanya hivyo ungali na waya wa njano. Ukishachomeka adapta kabla ya kubadilisha, rangi zitakuwa za ajabu au hutaona kitu, na menyu ya kurekebisha iko mlemle usimoona.

Tukabadilisha, tukachomeka. Gemu ya mpira ikatoka safi. Namba za jezi zilisomeka. Kusuka sasa ilikuwa kazi ya TV yenyewe, na kwenye hali ya mchezo TV hii ilikuwa inasuka haraka. Baba akafunga goli la kichwa, akanyanyuka, akaanza kutafuta pochi.

Ningemaliza hapo, kisa kingekuwa kifupi na kisicho na maana ya kuandikwa.

Kijana akachomoa CD ya mpira, akaweka Crash Bandicoot. Hii ni gemu ya PlayStation ya kwanza, ya 1996, na PS2 inazicheza gemu hizo. Nembo ya PlayStation ikatokea vizuri kabisa. Kisha skrini ikawa nyeusi, na TV ikaandika kwamba hakuna signali.

"CD imekwaruzika," baba akasema.

Tukaisafisha. Nembo, kisha giza. Kijana akaweka Tekken 3, nayo ni ya PlayStation ya kwanza, ya 1998. Ikacheza. Akarudisha Crash. Giza.

Hapo ndipo nilipokaa chini. CD iliyokwaruzika ni maelezo mazuri, yana ushahidi (CD ilikuwa imekwaruzika kweli), na mteja mwenyewe ameyatoa. Lakini mashine inayoshindwa kusoma CD inatoa sauti yake, lenzi inatafuta, inarudi, inatafuta. Hii ilikuwa inazunguka kwa utulivu. Adapta ina tundu dogo la sauti pembeni. Nikachomeka earphone, nikampa kijana sikio moja. Muziki wa gemu ulikuwa unapiga. Akashika pedi, akabonyeza X bila kuona, tukasikia Crash anaruka.

Mashine ilikuwa inacheza vizuri. TV ndiyo iliyokuwa imefumba macho. Na ilifumba kwa Crash, ikafumbua kwa Tekken 3, ingawa zote ni za mashine ileile.

Tofauti yao iko kwenye ile nusu ya mstari. Watengenezaji wa mashine za gemu walijua tangu zamani kwamba ukiiacha nusu ile, ukatuma mistari 262 au 263 kamili badala ya 262.5, mwale wa chogo haupati msukumo wa kukaa katikati. Unarudi kwenye njia zilezile kila mara. Unapata picha yenye mistari 240, lakini ni picha nzima, mara 60 kwa sekunde, imetulia bila kutetemeka, na kati ya mistari kuna uzi mwembamba wa giza. Ndiyo 240p. Haikuwa kiwango cha matangazo ya televisheni, ulikuwa ujanja, na chogo lilikubali kwa sababu chogo halihoji, linafuata tu. Nintendo za kwanza, Mega Drive, Super Nintendo, zile TV gemu za kanda tulizochezea utotoni, na gemu nyingi mno za PlayStation ya kwanza zinaishi kwa ujanja huo. Crash Bandicoot ni mojawapo. Tekken 3 ilichagua njia nyingine: inachora kwa mistari mingi zaidi, ikiingiliana, yaani 480i. Nembo ya mwanzo nayo ni 480i. Kwa hiyo TV ilipoona nembo ikakuta jambo inalolijua, na Crash ilipoingia na 240p yake, TV ikatazama orodha ya picha inazozitambua, haikuikuta, ikafunga mlango.

Sasa nikakumbuka kwamba ile konveta ya AV2HDMI, ile mvivu, ilikuwa inaionyesha Crash. Tukairudisha kuthibitisha. Kweli, picha ipo. Lakini ukiitazama ukijua unachotafuta, unaona uovu wake. Ilipokea mistari 240 ikadhani ni nusu ya picha, ikasubiri nusu nyingine, ikaja picha nzima inayofuata, ikazisuka pamoja kana kwamba ni nusu mbili za kitu kimoja. Mistari ya mlalo inatetemeka, kingo zina meno, na kwenye gemu zinazochora kivuli kwa kukionyesha picha moja na kukificha inayofuata, kivuli hicho kinageuka michirizi au kinapotea kabisa. Na yote hayo baada ya kusubiri pasipo sababu, maana 240p haina cha kusukwa.

Basi tulikuwa na vifaa viwili vyenye makosa yanayotazamana. Kimoja kinapokea kila kitu na kukipa jina moja. Kingine hakijipi kazi ya kutaja jina, kinamwachia TV, na TV inakataa. Tulichohitaji ni kitu kimoja tu katikati: kinachohesabu mistari kwanza.

Vifaa hivyo vipo na vinajulikana. RetroTINK 5X iliyotoka 2021 inafanya hivyo vizuri kuliko mahitaji ya sebule yoyote ya Temeke, na dada yake ya 4K iliyofuata mwishoni mwa 2023 ilitangazwa kwa dola 750. Nilimtajia baba bei hiyo kwa makusudi, ili nitakayoitaja baadaye isimshtue. "Hiyo ni hela ya bodaboda kuukuu," akasema. Ndiyo. Na bodaboda inarudisha hesabu jioni.

Njia yangu ni bodi ya kijani ya Kichina inayoitwa GBS-8200. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashine za gemu za kwenye kumbi za starehe, chogo lake likifa waweke skrini ya kompyuta. Inapokea RGB au komponenti, inatoa VGA (picha ya skrini za kompyuta za zamani), inatumia umeme wa volti 5, na ukiiagiza nje haizidi sana dola 30. Kuna jambo la kuchekesha kuhusu bodi hii: ukiitumia ilivyotoka kiwandani inafanya kosa lilelile la konveta mvivu. Inaiona 240p, inaiita 480i, inaanza kusuka. Chipu yake ya picha ina uwezo wote unaohitajika, ila programu inayoiongoza haijui kuhesabu nusu mstari. Watu wa programu huria wakaandika nyingine, GBS-Control, inayokaa kwenye kijibodi cha ESP8266, kile kinachotumika kwenye miradi midogo ya Wi-Fi. Unaunganisha nyaya chache, zikiwemo mbili za mazungumzo na za umeme, unaziba pini mbili ili ubongo wa kiwandani ulale, na bodi ileile, chipu ileile, inaanza kuita vitu kwa majina yake. Mipangilio unaifanya kwa simu kupitia kivinjari. Nilipomwonyesha kijana ukurasa wake kwenye simu yake mwenyewe, huduma kwa wateja ikaishia hapo, alianza kuuliza maswali ya kuanzisha kibanda chake.

Kazi ya kuchomelea ilichukua saa moja na nusu dukani, na hitilafu moja niliitarajia, nyingine sikuitarajia. Niliyoitarajia: waya wa komponenti wa PS2 una ncha tano, kijani, bluu na nyekundu za picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Nyekundu mbili zinazofanana. Kijana aliunganisha akazibadilisha, tukapata picha isiyo na wekundu na mlio kwenye spika. Nimeshazifunga zile za sauti kwa utepe. Nisiyoitarajia: TV yake haina VGA, flat nyingi za sasa hazina, kwa hiyo nyuma ya bodi ilibidi kuwe na adapta ya VGA kwenda HDMI, ile yenye tundu la kuingiza sauti. Ninayo droo nzima ya adapta hizo, na mbili za kwanza zilikataa 1920 kwa 1080. Ya tatu ikakubali. Mwenye monita ya mtumba ya umbo la mraba, zile za ofisini zenye VGA, hahitaji adapta hiyo kabisa, na picha inamkaa bila kanda nyeusi. Kwa bei, hilo ndilo ningemshauri mtu asiye na flat.

Crash akatokea. Mistari imenyooka, hakuna meno, hakuna kutetemeka. Tukarudia jaribio la saa ya Gran Turismo 4, safari hii bila Y, maana njano ilibaki kwenda chogo na komponenti kwenda kwenye bodi. Usijaribu hivi kwa waya wa kawaida: nilikuwa na waya mmoja wa mafundi unaotoa vyote viwili kwa pamoja. Tofauti ilibaki, ndogo kiasi kwamba kwenye picha nyingine za simu saa zilisoma karibu sawa. Baba akacheza mechi mbili. Hakusema kitu kuhusu pedi.

Kuna mambo ambayo hayakuisha. Gemu inapohama kutoka menyu ya 480i kwenda mchezo wa 240p, picha inapotea kidogo wakati kila kifaa kinajipanga upya. Chogo halikuwa na tabia hiyo. CD zake nyingi ni matoleo ya Marekani, mashine iliwekwa chipu zamani, ile ya kuifanya isome CD za nchi nyingine, kama zilivyokuwa nyingi za vibandani, kwa hiyo nyingi zinatoka kwa hezi 60, lakini anazo chache za PAL, hezi 50, na hizo TV inabadilisha mwendo nazo. Na aliniuliza kuhusu bunduki ya plastiki aliyonayo bado. Ile haitafanya kazi kwenye flat hata tufanyeje. Inatambua ulipolenga kwa kungoja mwale upite mbele ya kijicho chake, na hapa hakuna mwale. Akaniangalia kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa mbali.

Tuliporudi dukani alilipa, tukafunga kila kitu kwenye kiboksi kimoja, nikaandika kwa kalamu ya rangi nini kinaingia wapi. Walipokuwa wanatoka, kijana alikuwa amesimama mbele ya chogo langu mezani, lililokuwa bado linaonyesha menyu ya mpira.

Baba akaligonga mgongoni kwa kiganja. "Na hili bei gani, fundi?"

"Hilo siuzi, kaka. Bila hilo ningekuwa bado nasafisha pedi zako."